Mashine Haikamatwi

Jumapili, 1 Septemba 1974

Waitaliano waliotengeneza mashine wanataka fundi aandike kila jioni jinsi ilivyofanya kazi. Nimejaribu kwa Kiingereza, zikatoka sentensi tatu kavu. Basi ya kwao nitawaandikia hivyo hivyo, na haya ni yangu, kwa lugha ya nyumbani.

Mimi ni Naila binti Abubakar, wa Kibuli. Nimesomea umeme chuoni Kyambogo, msichana peke yangu darasani. Bustani ya michezo iliyo bondeni chini ya kilima chetu ilikuwa ya Bwana Ramniklal. Alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake mwaka juzi, kaka yangu Uthman, aliyekuwa mkata tiketi wake, akagawiwa bustani hiyo na serikali. Watu walisema mengi. Mimi sikuwasikiliza. Baba alipofariki, Uthman ndiye aliyeacha shule ili mimi nisome. Akigawiwa dunia nzima sitaona ajabu.

Fahari ya bustani ni Pandashuka. Ni reli iliyojengwa juu ya nguzo za mbao, ndefu kuliko mti. Mnyororo huvuta magari hadi kileleni, kisha huyaachia yashuke yenyewe, yapinde, yapande, yapinde tena, hadi kituoni, abiria wakipiga mayowe njia nzima. Magari yako mafungu mawili, jekundu na la buluu. Tangu mwanzo yameongozwa kwa mkono: mtu anasimama kituoni na kushika breki, mti wa chuma urefu wa kifua, anatazama, anavuta. Mtu huyo ni Mzee Okot, kutoka Gulu.

Bwana Ramniklal aliagiza mashine ya kufanya kazi hiyo kabla hajaondoka. Ilikwama Mombasa karibu miaka miwili. Sasa imefika, na kaka ameniita niifunge.

Jumanne, 3 Septemba

Kwa macho ni kabati la chuma lenye taa ndogo ndogo. Waitaliano wanaiita kompyuta. Reli inagawanywa vipande, na kila kipande kina swichi ambayo gari huikanyaga likipita. Kabati linajua gari liko wapi. Kama la mbele halijatoka, mnyororo unasimama na la nyuma haliachiwi. Ndiyo hesabu yake yote, na haiisahau.

Jumamosi, 7 Septemba

Mzee Okot alisimama mlangoni mwa kibanda cha mashine akinitazama nikivuta nyaya.

"Binti, hii kabati yako nasikia mvua?"

"Haisikii mvua, mzee. Inahesabu magari."

"Mimi nasikia mvua," akasema, akaenda zake.

Ana kiburi. Nimemwambia Uthman hivyo.

Alhamisi, 12 Septemba

Mashine imewaka. Tumejaribu na mifuko ya mchanga siku nzima. Kuna ufunguo mmoja: ukiugeuza kushoto, mashine inaongoza, kulia, mkono. Ninao mimi.

Jumanne, 17 Septemba

Ramadhani imeingia, na mvua za vuli pamoja nayo. Sukari hakuna. Mama amepika uji wa futari kwa asali ya kuomba.

Tukila, Uthman aliniuliza kama kweli mashine ni bora kuliko Okot. Nikamjibu kwa kirefu, maana nilikuwa nimengoja kuulizwa. "Mkono ndio unaokosea, Kaka. Mkono unachoka, mkono una hasira na mawazo ya nyumbani. Mashine haina siku mbaya." Alicheka, akanimegea sambusa yake. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani barazani maneno hayo hayo, kama yake. Nilijisikia vizuri.

Jumapili, 22 Septemba

Mvua. Hatukufungua.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo limetokea jambo. Uthman alitaka tuendeshe kwa mkono asubuhi, ili shule zilizokuja zisingoje nikikausha swichi. Sikuzima mashine, niliiacha itazame tu na kupiga kengele. Mzee Okot alikuwa na homa, hakusema. Lile jekundu lilikuwa bado kwenye kona ya mwisho, yeye akakohoa, akainama, na akiwa ameinama akataka kuachia la buluu. Kengele ikalia. Akauacha mti wa breki kama umemchoma.

Watoto walishuka salama, wakiimba. Wakati wa kufunga bustani alikuja kibandani, akasimama mbele ya kabati, akagonga bati mara moja kwa kidole, kama mtu abishaye hodi.

"Leo hii kitu nasaidia mimi," akasema. "Iko na heshima."

Kisha akanipa kikopo cha karanga za kusaga na ufuta. Mkewe, Akwero, amesaga ili mimi nifuturu. Yeye si Mwislamu, lakini alijua ni mwezi gani. Nilikuwa nimemwita mtu huyu mwenye kiburi.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimemuuliza Mzee Okot kwa nini harudi Gulu, maana watu wa kwao wanazidi kupungua mjini na hakuna anayeuliza wameenda wapi. Akasema: "Mimi napeleka watoto ya Kampala yote juu na kurudisha chini. Nani nataka kuua mtu kama mimi?" Tukacheka. Uthman alikuwa karibu. Naye alicheka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kapteni mmoja wa kambi ya jirani (jina lake siliandiki) ametuma neno kwamba sikukuu ya Uhuru atakuja na askari wake kupanda. Uthman amepaka rangi lango, ameazima viti vyenye mito. Usingizi hana.

Jumatano, 9 Oktoba



Walikuja baada ya gwaride, malori mawili, wengi wamelewa. Umati wa watu ulikuwa umejaa bustani kwa sikukuu. Mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haijaanguka. Askari wakapanda fungu jekundu, Kapteni na wageni wake wakangoja la buluu lifutwe viti. Mashine iliongoza, nami nilikuwa kibandani. Mzee Okot alisimama pale pale kituoni, karibu na mti wake wa breki, kwa ajili ya dharura. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo.

Jekundu likazunguka na kurudi. Kapteni tayari alikuwa anavutwa na mnyororo kwenda kileleni. Na wale askari kituoni wakakataa kushuka. Walitaka kuzunguka tena. Uthman aliwabembeleza, wakamrushia kofia. Mashine ikaona kituo kina gari, ikafanya kile ilichoumbwa kufanya: ikasimamisha mnyororo. Fungu la buluu likakwama kileleni kabisa, Kapteni kiti cha mbele, anaonekana na Kampala nzima.

Hapo mvua ikaachia.

Uthman akaja mbio kibandani. "Geuza ufunguo! Weka mkono! Mwachie ashuke!"

"Nikimwachia atawagonga hawa, Kaka. Watakufa wote."

"Geuza, Naila!"

Nilitazama nje nikamwona Mzee Okot ananitazama, maji yakimtiririka usoni. Akatikisa kichwa. "Usifungue, binti," akapaza sauti. "Hawa iko ndani bado."

Kisha yeye akachukua mwavuli mkubwa wa kwenye kioski cha soda, akapanda ngazi ya mafundi, ile ya mbao inayoambatana na reli, taratibu, hadi juu. Akamfunika Kapteni. Tulimwona kutoka chini, mtu mrefu ameinama juu ya mtu mdogo aliyekaa. Na mtu mmoja katika umati, nadhani mwanamke, akacheka. Wengine wakaambukizwa. Kilikuwa kicheko cha watu ambao hawajacheka kwa muda mrefu, na kilipoanza hakikuzuilika.

Askari waliposikia kicheko ndipo wakashuka. Mashine ikaona kituo ni tupu, ikamleta Kapteni chini, polepole, salama. Akashuka amelowa hadi soksi.

"Nani nasimamisha mimi?" akauliza. Hakupiga kelele. "Mimi nakaa juu kama nyani, raia nacheka. Nani?"

Nikasema: "Ni mashine, afande. Ilikuwa inakulinda."

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayesema paka ndiye aliyekula nyama. Akapanda gari lake. Malori yakaondoka.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wamemchukua Mzee Okot. Asubuhi, mimi nikiwa juu ya nguzo nakausha swichi. Nililiona gari, nikaona wanaume wawili wenye mashati ya maua, kama wavaavyo makachero, wanazungumza naye, nikaona akivua aproni yake na kuikunja. Nilipofika chini gari lilikuwa limeshapita lango. Aproni ilikuwa juu ya mti wa breki.

Uthman alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Nilimshika bega. "Nitamtafuta," akaniambia. "Hata kama ni kuingia kambini kwa miguu yangu, nitamtafuta."

Nani kama yeye katika mji huu? Watu wenye kaka kama wangu ni wachache.

Ijumaa, 11 Oktoba

Uthman ameenda kambini. Amerudi jioni. Hajaambiwa kitu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ameenda tena. Tumefuturu uji. Mvua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Anasema amezungumza na watu, tuwe na subira. Amemtembelea Akwero kumpa pole, na akanisihi mimi nisiende bado: "Nyumba yake inatazamwa." Nimemtii. Naona haya kumtii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Idi. Tumeswali msikitini kwetu Kibuli, mvua ikanyesha juu ya kanzu mpya za watoto. Mama alipika pilau kwa mchele wa kutafutwa wiki nzima.

Sikuweza kula. Nikafunga sahani, nikashuka kwa miguu hadi kwa Akwero, Nsambya. Nyumba inatazamwa au haitazamwi, Idi haipiti bila kumpelekea yule mama sahani.

Alifungua mlango nusu. Sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikanyoosha sahani.

"Peleka nyumbani," akasema.

"Mama, ni mimi Naila."

"Najua ni Naila. Kaka yako alikuja hapa, alilia mbele ya watoto yangu. Alisema, 'Mama, nisamehe, dada yangu aliogopa, ndiye alitaja jina ya mzee.' Mimi nasaga karanga nakupa. Sasa wewe naleta mchele?"

Nikasema si kweli. Nikasema tena. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Nilisimama na sahani hadi jirani mmoja akaniambia niondoke, ninawaletea macho.

Ijumaa, 18 Oktoba

Jana sikuweza kuandika yaliyofuata. Leo nitayaandika yote.

Nilimkuta Uthman barazani na wageni wa Idi. Nikangoja waondoke. Nikamuuliza mbele ya Mama: "Umemwambia Akwero kwamba mimi ndiye niliyemtaja Okot?"

Hakukana. Hilo ndilo lililonitisha. Alivua kofia yake ya Idi, akaiweka gotini.

"Kaa, mdogo wangu."

"Sikai."

"Usiku ule wa Uhuru nilikwenda mwenyewe kwa Kapteni," akasema. "Sikungoja kuitwa. Mtu anayengoja kuitwa huwa amekwisha chelewa. Alitaka jina. Nilifikiri: nikisema mashine, wanaichukua mashine, wanafunga bustani, na kesho wanauliza nani aliyeifunga mashine hiyo. Aliyeifunga ni nani, Naila? Ni wewe. Basi nikamwambia ilikuwa mkono. Nikamwambia maneno yako: mkono ndio wenye hasira, mashine haina. Akaelewa mara moja."

Maneno yangu. Yale ya siku ya sambusa.

"Okot alipanda juu kumfunika na mwavuli!"

"Ndiyo. Kwa hiyo alimkumbuka sura."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama anayenieleza bei ya sabuni. Mama akainuka akaingia ndani, nikasikia anahamisha masufuria yasiyohitaji kuhamishwa.

"Na Akwero? Kwa nini umwambie ni mimi?"

Hapa ndipo alipotazama chini. "Ana kaka zake jeshini, hata kama sasa hawana nguvu. Siku moja mambo yatageuka. Mwanamke hawatamlipizia kisasi. Mimi watanichinja."

Siku nne alikwenda kambini kumtafuta, alisema. Sasa najua kwamba alikuwa anakaa Old Kampala, kwenye duka la rafiki yake, akinywa chai hadi jua lizame. Mwezi mtukufu, anakunywa chai. Hilo pia aliniambia mwenyewe nilipomuuliza alikuwa wapi. Mtu akianza kusema kweli hajui aishie wapi.

Nilikuwa nadhani namjua mtu aliyenilea. Nimekula mkononi mwake tangu nina miaka tisa.

Jumapili, 20 Oktoba

Kazini. Mvua. Kabati liko sawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimefikiria wiki nzima. Kapteni anaamini mkono ndio uliomsimamisha kwa sababu hajawahi kuona mashine ikisimamisha yenyewe. Basi nitamwonyesha. Macho hayahojiwi.

Nimemwandikia salamu kupitia askari wa lango la kambi kwamba Pandashuka imekarabatiwa na tunamwomba aje aone maajabu yake, bila umati. Nimemwambia Uthman baada ya salamu kwenda. Alishika ukuta.

"Unataka kuniua?"

"Nataka kumtoa Okot."

"Ni kitu kimoja, Naila. Huoni ni kitu kimoja?"

Naona. Sijui nitafanya nini na ninachokiona.

Jumamosi, 2 Novemba

Amekuja, na askari wawili tu. Alikuwa na furaha, ananukia marashi.

Bustani ilikuwa tupu. Niliweka mifuko ya mchanga katika mafungu yote mawili. Nikawaomba askari, Uthman na Kapteni mwenyewe wasimame nje, mbali na kibanda, nami nikasimama nao, mikono yangu yote miwili nimeiinua wanione. Hakuna aliyekuwa karibu na breki. Jekundu lilikuwa limeachwa kituoni. La buluu likavutwa kupanda, tak tak tak, likafika kileleni, na mnyororo ukasimama wenyewe.

Kimya. Ndege tu.

"Toa hilo jekundu," akaamuru. Askari mmoja akalisukuma mbele hadi litoke kwenye swichi. La buluu likashuka, vuuu, likarudi kituoni lenyewe na kusimama.

Kapteni alipiga makofi kama mtoto. Akataka tena. Tukafanya tena, na tena. Akaingia kibandani akatazama taa. Nikamweleza vipande vya reli, akaelewa upesi, si mjinga. Nikasema: "Kwa hiyo siku ile, afande, hakuna aliyekudharau. Mzee Okot hana kosa. Alipanda kukufunika mvua."

"Naona," akasema. "Mzee hana kosa." Moyo wangu ukapaa. Kisha akageuka. "Lakini mtu naambia mimi ni mzee. Mtu nadanganya jeshi." Akamtazama Uthman. "Ni wewe nakuja kwangu."

Nilikuwa nimeomba Mungu anipe neno la saa ile. Nilikuwa tayari kusema kaka aliogopa, sote tuliogopa, tusamehe. Sikuwahi kufungua kinywa.

"Afande," Uthman akasema, na sauti yake haikutetemeka, "mimi sijui umeme. Dada yangu ndiye fundi. Yeye ndiye aliyeniambia ni Okot. Mimi nilileta tu maneno yake."

Alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba mkono wake uligusa wangu.

Kapteni akaniuliza: "Ni kweli, binti?"

Kwa neno moja tu, "Hapana," wangemchukua kaka yangu pale pale. Akilini nilimwona Mama akiwa barazani anangoja watu wawili warudi. Nilimwona Uthman mwenye miaka kumi na sita akivua sare ya shule. Na niliona kwamba anajua ninachokiona. Alikuwa anakitegemea.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Nilikosea."

Alinipiga kofi moja, si la nguvu sana, la kumalizia mazungumzo. Kisha akacheka. "Familia nzuri." Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaugeuza kulia yeye mwenyewe, akautia mfukoni.

"Hii kabati iko na akili," akasema, "lakini mimi hapana taka. Mashine nasimamisha mimi, nitafanya nini? Nitafunga mashine? Mashine hapana kamatwa. Nataka mkono. Mkono nitajua ni ya nani. Kuanzia leo, wewe binti nashika breki."

Akaondoka. Uthman alikaa chini kwenye ngazi, akafuta jasho. Akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Nilijua hutaniangusha."

Jumapili, 3 Novemba

Shavu halijavimba. Mama hakuuliza.

Jumatano, 6 Novemba

Breki ni nzito kuliko nilivyodhani. Mabega yanauma. Mvua ikinyesha magurudumu yanateleza na ni lazima kuvuta kabla ya kuona haja ya kuvuta. Kabati limezimwa taa zote.

Jumamosi, 9 Novemba

Mzee Okot ameachiwa. Nimesikia kutoka kwa muuza soda.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikwenda. Akwero alinifungulia kwa sababu mumewe alimwambia afungue. Mzee alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejiegemeza ukutani, mguu mmoja ameunyoosha na haukunjiki. Amekuwa mdogo. Ndani mlikuwa na mabunda yaliyofungwa kamba: wanakwenda Gulu kesho.

Nilipiga magoti, nikamweleza yote, tangu Uthman alipokwenda kwa Kapteni hadi "Ndiyo, afande" yangu. Akwero alisonya katikati ya maneno yangu. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kapteni naniambia ni wewe," akasema. "Mimi nasema, huyu binti? Hapana. Sasa wewe mwenyewe naniambia ulisema ndiyo."

"Nilisema ili wasimchukue kaka."

"Nasikia." Akausogeza mguu kwa mkono. "Sasa unakaa nyumba gani?"

"Ya kwetu, Kibuli."

"Na yeye iko hapo?"

"Ndiyo, mzee."

"Nakula pamoja?"

Tulikuwa tumekula pamoja mchana ule ule, maharage, sahani moja.

Hakunifukuza, wala hakunilaani. Alifumba macho tu kama mtu aliyechoka, na Akwero akanionyesha mlango. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa mimi ndiye niliyesalitiwa. Nilirudi sijui niitwe nani.

Jumatano, 13 Novemba

Nimehamia Old Kampala, kwa Shangazi Salme, dada wa Baba. Nimechukua nguo, bisibisi zangu na mswala. Mama alilia, akasema ndugu ni ndugu, damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia sikatai, lakini siwezi kula naye. Uthman alisimama uani muda wote. Alinibebea mfuko hadi barabarani. Nilimwachia aubebe. Sikumwambia ahsante.

Jumapili, 17 Novemba

Siendi tena bondeni. Natengeneza redio katika duka la jirani yake Shangazi. Kila mwenye redio anataka ishike London, na kila mmoja anasema ni kwa ajili ya muziki.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua kubwa. Tulitega mabeseni.

Ijumaa, 29 Novemba

Uthman amekuja leo baada ya swala ya Ijumaa. Amekonda. Ameleta kilo ya sukari, ambayo Shangazi ameipokea kwa sababu, asema, sukari haina kosa. Tukakaa sebuleni, mlango wazi.

Alizungumza habari za Mama, za paa, za mbao zinazooza kwa mvua. Kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Kesho Kapteni anakuja na wageni wake. Tangu uondoke nimefunga Pandashuka, nimesema ni matengenezo. Amesema kesho hataki kusikia matengenezo. Naila, rudi kesho tu. Siku moja."

"Siji, Kaka."

"Nani atashika breki?"

"Wewe."

Akacheka. Kicheko chake kile kile cha zamani, cha kunimegea sambusa. Akangoja nicheke naye. Nilimtazama tu, na kicheko kikamwisha mdomoni kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Mimi sijawahi," akasema.

"Najua."

"Nikikosea, Naila... yeye atakuwa anajua ni mkono wangu."

"Ndiyo. Atajua."

Alitazama viganja vyake. Nilidhani atakasirika, au atataja shule aliyoiacha kwa ajili yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakulitaja. Akauliza tu, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi: "Inavutwaje?"

Nikamwonyesha. Nilimsimamisha katikati ya sebule, nikamwekea fagio la Shangazi kuwa mti wa breki, nikamfundisha asimame wapi, atazame kona ipi, mguu gani uwe mbele, asivute kwa mkono bali kwa mgongo. Nikamwambia mvua ikinyesha avute mapema, na jekundu lina uzito upande wa kushoto, na kamwe asiachie la nyuma kabla hajaona la mbele kwa macho yake, hata akiamriwa na nani. Nilimwambia mara mbili. Alirudia baada yangu. Sikumficha hata kitu kimoja.

Alipomaliza kurudia yote bila kosa, akaliegemeza fagio ukutani, akavaa viatu vyake, akashuka kilima katika mvua.